Folio, Yaani Gombo

Neno folio Waingereza walilipokea kutoka Kilatini, ambako folium ni jani la mti, kisha jani la kitabu. Na lile umbo la folio lilitokana na ada ya wanazuoni wa Ulaya, ambao walipotaka kuonyesha mahali pa habari waliandika kwamba imo katika jani la kadhaa. Waarabu nao walipita njia iyo hiyo, kwani waraka, tuliourithi kwao kwa maana ya barua, asili yake ni jani vilevile.

Kwa wapiga chapa, folio ni kitabu kikubwa ambacho karatasi yake nzima imekunjwa mara moja tu, ikatoa majani mawili yenye kurasa nne. Hicho ndicho kipimo cha mkusanyo wa tamthilia 36 za Shakespeare uliotolewa London mwaka 1623, miaka saba baada ya kufa kwake, na nusu yake hivi, ikiwamo Macbeth, hazikuwa zimepigwa chapa kabla ya hapo. Makarani wa masjala nao huita folio ile namba itiwayo pembeni mwa barua ndani ya jalada.

Lakini maana iletayo madhara ikifasiriwa vibaya ni ile ya wahifadhi wa miswada ya kale. Kwao jani huhesabiwa mara moja, na pande zake mbili, mbele na nyuma, hushiriki namba moja. Basi folio ya 12 ni ukurasa wa 23 na wa 24. Katika miswada yetu ya hati za Kiarabu, mathalani Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya mwaka 1728 ni miongoni mwa kongwe kabisa zilizosalia, kitabu kikifunguliwa upande wa mbele wa jani huwa mkono wa kushoto, kinyume cha vitabu vya Kizungu. Na waandishi wengi wa hati hizo hawakutia namba, bali waliandika chini ya ukurasa, pembeni, neno lianzalo ukurasa ufuatao, ili majani yakitawanyika yapate kurudishwa kwa taratibu yake.

Sasa mtu akifasiri folio kuwa ukurasa, msomaji aliyeelekezwa folio ya 40 ataishia ukurasa wa 40, ambao ni nyuma ya folio ya 20, asiuone ubeti autafutao, adhani umepotea. Waraka umekwisha kushughulishwa na barua na amri za serikali, na karatasi ni neno pana mno. Gombo ndilo neno la pwani kwa jani la kitabu, na ingawa wafasiri wa Biblia walilipa kazi ya kitabu cha kuviringwa waliposema gombo la chuo, maana ile ya kwanza haikufutika. Nawasihi wanaoorodhesha miswada yetu waandike: gombo la 12 mbele, gombo la 12 nyuma.