Kikoa cha Mbali: Mafia na Meza ya Wachina

Kula na rafiki nje ya nyumba ni jambo dogo, na kwa ajili hiyo waandishi wa historia aghalabu hulipita. Lakini katika mji wa Guangzhou, kusini mwa Uchina, jambo hilo lina jina, lina saa zake na lina adabu zake. Marafiki hukutana katika nyumba ya chai tangu asubuhi hata adhuhuri. Huletewa birika, kisha vikapu vidogo vya mwanzi vitokavyo kwenye mvuke, kila kimoja na vipande vitatu au vinne vya unga uliofumbata kamba, nyama au mboga. Vitafunio hivyo huitwa dim sum, maana yake kugusa moyo; ila wenyewe husema kwamba wanakwenda kunywa chai tu, wala chakula hawakitaji. Amiminiwaye chai hugonga meza kwa ncha za vidole kuwa ndiyo shukrani, ili mazungumzo yasikatike. Mwisho huzuka ugomvi wa heshima juu ya nani atakayelipa. Mswahili hana la kustaajabia hapo, maana naye ana kikoa: watu hulishana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Mafia, kisiwa kilichoelekeana na milango ya mto Rufiji, ki mbali sana na meza hiyo. Hata hivyo bahari yake imeilisha. Wavuvi wa Jibondo, watu wa jarife na wajuzi wa maji makuu, wakivua papa humgawa mara mbili. Nyama hutiwa chumvi na kuanikwa, ikawa kitoweo cha pwani; mapezi hukatwa yakakaushwa peke yake, yakaenda kwa tajiri. Papa mmoja, basi, huliwa na jamaa wawili wasioonana. Mapezi yake hutiwa katika supu za karamu za Wachina, na baadhi ya nyumba za chai zikayatia hata katika vile vitafunio vya unga.

Jongoo wa bahari ana habari nyingine, kwa kuwa yeye hana mlaji Mafia. Huokotwa maji yakipwa au huzamiwa, hupasuliwa akatolewa matumbo, huchemshwa, hukwanguliwa, kisha huanikwa hata akawa mgumu kama ganda la mti. Anayefanya kazi hiyo yote hajui ladha yake, wala hana hamu ya kuijua. Huko Uchina ni chakula cha heshima, cha arusi na sikukuu zaidi kuliko cha vikapu vya asubuhi, na huhesabiwa kuwa dawa ya kutia nguvu. Hadi mwaka 1890, Wadachi walipoichukua, Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja, na bidhaa zake zilipita Unguja. Kutoka Unguja vitu vya namna hii vilivuka hadi Bombay, na Bombay vikapata merikebu za kwenda Uchina. Katika miaka ya 1930 Wachina wachache, wengi wao kutoka jimbo la Guangdong, walihamia Unguja wakawa wananunua majongoo na mapezi wao wenyewe.

Kilichorudi ni sahani. Kisimani Mafia, mji ambao sehemu yake kubwa imeliwa na bahari, Neville Chittick alichimbua na kuchapisha matokeo yake mwaka 1961; na Kua, katika kisiwa cha Juani, mji ulioangamizwa na Wasakalava wa Bukini mwanzoni mwa karne ya 19, magofu yake bado yamesimama. Vipande vya kauri ya Kichina vimeokotwa kotekote. Merikebu za Zheng He, zilizosafiri kati ya 1405 na 1433, zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Lakini sehemu kubwa ya kauri ililetwa na wafanyabiashara wa Bara Hindi, Uajemi na Arabuni, mkono kwa mkono. Bakuli zilifika tupu. Katika pwani hii baadhi zilipachikwa katika kuta za misikiti na makaburi, mahali ambapo hakuna atakayelia chakula kamwe.

Hapa ndipo elimu ya mambo ya kale inapopotosha bila kukusudia. Kauri haiozi, jongoo na pezi huliwa vikaisha. Kwa hiyo asomaye vitabu vya uchimbuzi humwona mtu wa Mafia kuwa mpokeaji tu, mnunuzi wa vitu vizuri vya watu, na zamu yake mwenyewe katika kikoa hicho haionekani popote.

Zamu hiyo imekuwa nzito. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya namna yake Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995. Mapema katika miaka ya 2000 serikali ilipiga marufuku uvuvi wa majongoo Tanzania Bara, kwa kuwa walikuwa wamepungua mno. Mwaka 2013 serikali ya Hong Kong iliondoa mapezi ya papa katika karamu zake rasmi. Mwaka 2019 mkataba wa CITES uliweka chini ya ulinzi jamii tatu za majongoo, wakiwamo wale ambao wavuvi wa pwani huwaita pauni, na jina hilo lasikika kama la fedha. Katika makubaliano hayo yote mzamiaji wa Jibondo hakuwa na kiti, kama ambavyo hakuwa nacho kule penye birika na vikapu.