Mvua imekatisha kazi: kibarua wa wakala analipwa au halipwi?



Huku Njombe mvua zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, mwaka mwingine mpaka Mei. Ndio msimu wa kupanda miti, kupalilia viazi na mahindi, na kuchuma chai kwa wingi kule Luponde na Lupembe. Kwa kifupi ndio msimu wa vibarua. Makambako nako watu wanasubiri kupakia mahindi na mbao, na mvua ikishuka turubai linafunikwa na kazi inasimama.

Hapo ndipo swali linakuja: "Tumefika, mvua imepiga, tumeambiwa turudi nyumbani. Hela ya leo vipi?"

Kijiweni utapata majibu mawili. Wa kwanza atasema mvua ni ya Mungu, hakuna wa kumdai. Wa pili atasema ukishafika tu lazima ulipwe siku nzima. Wote wawili wanakosea. Jibu linategemea mambo matatu: mlikubaliana kulipana vipi, muda wako ulikuwa mikononi mwa nani, na nani hasa ni mwajiri wako. Tuyapitie moja moja.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria kuu Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004. Hii haina kifungu kinachotaja mvua. Haisemi ulipwe siku ya mvua, na wala haisemi usilipwe. Kwa hiyo msimamizi akikwambia "sheria ya mvua ndiyo hiyo", mwombe akuoneshe imeandikwa wapi.

Kilichopo ni vifungu vya malipo. Kifungu cha 27 kinamtaka mwajiri akulipe siku mliyokubaliana, tena akupe maandishi yanayoonesha malipo yamepatikanaje. Kifungu cha 28 kinakataza kukata mshahara hovyo. Makato yanaruhusiwa pale yanapotokana na sheria, makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya msuluhishi, au deni ambalo wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi likatwe. Mawingu hayamo kwenye orodha hiyo.

UNALIPWA KWA NINI?

1. Kwa mwezi. Hapa mambo ni rahisi. Mshahara wako ni wa mwezi, na ulikuwepo tayari kufanya kazi. Kukuondolea siku tatu "za mvua" ni makato, kwa hiyo mwajiri aoneshe uhalali wake kwenye kifungu cha 28.

2. Kwa kilo au kwa ngwe. Kilo ulizochuma kabla ya mvua ni zako na ngwe uliyolima ni yako. Kazi iliyofanyika haifutwi na mvua iliyokuja baadaye. Kwenye chai kuna jambo jingine: majani yakilowa, mpimaji anapunguza kilo kwa ajili ya maji. Uliza mapema anapunguza kiasi gani, na uandike kilo ulizosomewa kwenye mzani.

3. Kwa kutwa, na ulizuiwa kazini. Umeingia saa 1 asubuhi, mvua ikaanza, msimamizi akasema "kaeni bandani, isije ikakatika mkawa mbali". Mkakaa mpaka saa 5 asubuhi ndipo mkaruhusiwa. Hoja yako hapa ina nguvu: hukuwa mapumzikoni wala kwenye shughuli zako. Ulikuwa eneo la kazi kwa amri yake, kwa hiyo hizo saa nne ni za kudai.

4. Kwa kutwa, na ulizuiwa mapema. Kama jana jioni au alfajiri kabla hujatoka nyumbani ulipata ujumbe kwamba leo hakuna kazi, na makubaliano yenu ni ya siku kwa siku, kudai ni kugumu. Labda kama mlikubaliana kazi ya siku kadhaa, mfano siku 12 za kupanda miti. Hapo uliza hizo siku zinafidiwa lini.

HESABU YA SAA NNE

Wengi wanadhani kibarua wa kutwa analipwa siku nzima au halipwi kabisa. Siyo hivyo. Amri za mishahara za serikali zinaweka kima cha chini cha mwezi, na pia cha siku na cha saa.

Tuchukue amri ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Januari 2023. Kima cha chini cha kilimo kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26 unapata kama shilingi 5,385 kwa siku. Ukigawa kwa saa 195 za mwezi (wiki moja ni saa 45) unapata kama shilingi 718 kwa saa. Saa nne za bandani zinafika kama shilingi 2,870.

Hizo namba nazitumia kuonesha njia tu. Oktoba 2025 serikali ilitangaza amri mpya ya sekta binafsi, ya kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, ambayo imepandisha kima cha chini kwa wastani wa asilimia 33.4. Chukua kiwango kipya cha sekta yako kisha ugawe kwa njia hiyo hiyo. Na kama mlikubaliana hela kubwa kuliko kima cha chini, unagawa ile mliyokubaliana.

Kwa mtu mmoja ni hela ya chumvi na sabuni. Ila ukiwa na gari lenye vibarua 40 na asubuhi kumi za namna hiyo kwa msimu, unaona kuna hela ndefu inabaki mfukoni mwa mtu.

WAKALA AU MWENYE SHAMBA?

Huu ndio mchezo wenyewe. Wakala anasema "kampuni haijanilipa kwa sababu ya mvua". Kampuni inasema "sisi hatukujui, nenda kwa aliyekuleta". Wewe unabaki katikati kama mpira.

Kwanza, wakala binafsi wa ajira siyo mtu yeyote mwenye Fuso na simu. Sheria ya Huduma ya Kukuza Ajira ya mwaka 1999 inamtaka awe amesajiliwa, na mwaka 2014 zikatoka kanuni za kuwabana mawakala baada ya malalamiko mengi. Muulize usajili wake.

Pili, kuna Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7 ya 2004. Kifungu chake cha 61 kinakuhesabu kuwa mwajiriwa wa mtu fulani kama hata jambo moja kati ya haya lipo: anakuongoza namna ya kufanya kazi, anapanga saa zako, anakupa vifaa, unamtegemea yeye kwa kipato, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Anayesema wewe siyo mwajiriwa wake ndiye atakayethibitisha hilo. Kwa hiyo jiulize: panga, jembe na koti la mvua nimepewa na nani? Nani kasema tukae bandani?

Tatu, deni kati ya wakala na kampuni ni lao. Kama ndiye mwajiri wako, siku ya malipo ikifika anatakiwa akulipe, awe amelipwa au bado. Ukienda kudai na hujui mwajiri ni yupi, waandike wote wawili.

WENZETU KENYA

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 18, imeweka jambo hili wazi. Kazi ya ngwe isipoisha siku hiyo, mwajiri achague: akulipe jioni kwa kiasi ulichofanya, au akuache umalizie kesho yake ndipo akulipe yote. Kufuta kazi ya mtu siyo chaguo. Sheria hiyo haifanyi kazi Njombe, ila hakuna anayekukataza kumwomba wakala muandike makubaliano ya namna hiyo kabla ya kupanda gari.

USHAHIDI

Kifungu cha 15 cha sheria ya 2004 kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, malipo kiasi gani na yanahesabiwaje. Kesi ikifika mbele na yeye hana karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unakuwa wake.

Lakini usikae ukategemea hilo tu. Daftari la shilingi mia tano linatosha. Andika kila siku: tarehe, shamba, saa uliyoingia, saa mvua ilipoanza, nani alisema msubiri, saa mliyoruhusiwa, kilo au ngwe. Ujumbe wa wakala usiufute. Kabla ya msimu kuanza muulize maswali matatu, tena mbele ya wenzako: Mvua ikitukuta kazini tunalipwaje? Tukizuiwa kusubiri je? Kesho yake tunafidia?

WAPI PA KUDAI

Anza kwa mwajiri, kwa barua fupi yenye tarehe na hesabu, na ubaki na nakala. Ikishindikana, nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa. Wa mashambani wanaweza pia kwenda TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani na kilimo.

Mwisho kabisa kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi Njombe. Wa Makambako na wewe unakwenda huko huko. Unajaza fomu namba 1 ya CMA, unampa mwajiri nakala na kubaki na uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaipeleka Tume. Huduma ni bure. Unaweza kwenda na mtu wa chama, wakili au mwakilishi uliyemchagua mwenyewe. Usuluhishi unapewa siku 30.

Sasa shika hii: dai la malipo linapelekwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee. Dai la kufukuzwa kazi ni siku 30 tu, na ulinzi dhidi ya kufukuzwa hovyo unamhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo huyo miezi sita au zaidi, hata kama ni kwa mikataba midogo midogo. Ukichelewa unatakiwa kuomba kwa sababu za maana.

Hizo siku 60 ndizo zinazowaumiza wengi. Mvua ya Januari inasubiri "msimu uishe tumalizane", msimu unaisha Mei, wakala kashahamia mkoa mwingine. Kama malipo yalitakiwa tarehe 31 Januari na hujalipwa, mwisho wa Machi uwe umeshafika CMA.

Nawasilisha.