Kulungu na Msitu

Leo tutazungumza juu ya kulungu wa Marekani, yule ambaye pembe zake zenye matawi huanguka na kuota upya kila mwaka.

Katika mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt alitenga hifadhi ya wanyama huko Arizona, katika nyanda za juu za Kaibab. Kulungu wakakatazwa kuwindwa, na puma na wanyama wengine wanaowala wakauawa kwa wingi. Nia ilikuwa njema. Lakini fikiri: mnyama akizidi, atakula nini? Kulungu walimaliza majani, wakatafuna na miche, na tangu kipupwe cha 1924 wengi wakafa kwa njaa. Walikuwa wangapi? Mtu mmoja alikisia 30,000, mwingine 100,000. Hapakuwa na hesabu ya kuaminika.

Ndipo ilipoonekana haja ya elimu. Bwana Aldo Leopold, aliyehitimu masomo ya misitu katika chuo cha Yale mwaka 1909, alitoa kitabu juu ya utunzaji wa wanyama mwaka 1933. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Wisconsin kilimpa kazi ya kufundisha elimu hiyo: kuhesabu wanyama, kuchunguza malisho, kisha kuamua wangapi wawindwe.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nawe mwenye mbuzi, jiulize: je, malisho yako yawatosha?