Ukadiriaji wa nafasi ya kudahiliwa chuoni

Ukadiriaji wa nafasi ya kudahiliwa ni upimaji wa uwezekano wa mwombaji kupokewa na chuo fulani, unaofanywa kabla ya uamuzi wa chuo kutolewa. Umeenea hasa Marekani, ambako vyuo binafsi vyenye ushindani mkubwa, kama Harvard, Yale na Stanford, hupokea chini ya mwombaji 1 kati ya 10.

Msingi wake ni takwimu ambazo vyuo vingi hutangaza kila mwaka: idadi ya walioomba na waliokubaliwa, pamoja na alama za asilimia ya 25 na ya 75 katika mitihani ya SAT, yenye upeo wa 1600, au ACT, yenye upeo wa 36. Mwombaji hulinganisha matokeo yake na takwimu hizo, kisha hugawa vyuo katika makundi matatu: vigumu kupata, vinavyolingana naye na vya uhakika.

Makadirio hayo yana mipaka, kwa kuwa alama za juu pekee hazitoshi. Vyuo hupima pia insha, barua za walimu na shughuli za nje ya darasa. Baadhi huzingatia undugu na wahitimu wa chuo au uwezo wa kulipa ada. Vigezo hivyo pia hubadilika: mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha mifumo ya udahili iliyozingatia rangi ya mwombaji katika Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina. Kwa upande wa ada, Harvard, Yale, Princeton na MIT hudahili bila kuangalia uwezo wa kifedha, hata kwa waombaji kutoka nje ya Marekani.