Kikomo Kilichogeuka Mtego

Septemba 1958, Bank of America ilituma kwa posta kadi za mkopo 60,000 kwa wateja wake wa Fresno, California, ambao hawakuziomba. Kadi zilikuwa na kikomo cha dola 300 hadi 500, lakini kikomo hicho kiliishi kwenye daftari za benki tu. Dukani, muuzaji aliilaza kadi kwenye kimashine cha mkono na kuvuta kipini juu ya karatasi za kaboni. Namba zilizochomoza zikajichapa kwenye stakabadhi, mteja akaondoka na mzigo wake. Simu ya kuomba idhini ilipigwa pale tu bei ilipozidi kiasi kilichowekwa. Mnunuzi wa vitu vidogo vidogo, duka hadi duka, angeweza kuvuka kikomo siku hiyohiyo, na benki ikaja kujua stakabadhi zilipoifikia. Benki ilikadiria kwamba asilimia 4 ya akaunti zingechelewa kulipwa. Zilizochelewa zikafika asilimia 22, na Joseph Williams, aliyeuasisi mpango huo, akaacha kazi.

Kwa zama hizo, kumlaumu mteja aliyevuka kikomo kulikuwa na mantiki: benki haikuwa na namna ya kumzuia. Mambo yalibadilika 1973, mtandao ambao baadaye uliitwa Visa ulipoanza kutoa idhini kwa kompyuta. Kadiri mashine zilivyoenea madukani, benki ilipata uwezo wa kukataa malipo papo hapo, mteja akiwa bado kwenye kaunta. Iliweza kukataa, lakini mara nyingi iliruhusu, kisha ikatoza ada. Hapo ndipo kikomo, kilichowekwa kuilinda benki, kilipogeuka chanzo cha mapato yake. Kuna kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2004 inayolionyesha jambo hili waziwazi: mteja mwenye kikomo cha dola 2,000 aliruhusiwa kukipita, akatozwa dola 29 kwa kila mwezi ambao deni lake lilibaki juu ya kiasi hicho. Mahakama iliamua kwamba Benki Kuu ya Marekani ilikuwa na haki ya kutoihesabu ada hiyo kama gharama ya mkopo inayopaswa kutangazwa kwa mteja.

Watetezi wa benki walisema kumruhusu mteja avuke kikomo ulikuwa wema: nani anataka kadi ikataliwe mbele za watu, mafuta yakiwa yameshaingia kwenye gari? Hoja hiyo si ya kupuuzwa, ila kuna namna ya kuipima. Sheria ya kadi za mkopo ya 2009 iliagiza kwamba kuanzia Februari 2010 benki isitoze ada hiyo mpaka mteja mwenyewe aridhie, na kanuni zake zikaongeza kwamba ada isizidi kiasi kilichopitilizwa. Zilikataza pia kumtoza mtu ambaye deni lake limevuka kikomo kwa sababu tu ya riba na ada za benki yenyewe. Wema unaotakiwa huombwa. Huu haukuombwa: miaka michache baadaye shirika la serikali la kulinda watumiaji wa huduma za fedha liliona ada hiyo imetoweka karibu kabisa. Wapo waliobashiri kwamba benki zingefidia pengo hilo kwingine na mkopo ungekuwa ghali zaidi. Shirika hilo hilo lilikuta gharama ya jumla ya mikopo ya kadi imeshuka kati ya 2008 na 2012. Na anayelalamika kwamba serikali iliingilia uhuru wa mkataba airudie sheria yenyewe: haikuipiga marufuku ada hiyo, na mteja akiiridhia, benki ya Marekani inaruhusiwa kuitoza hadi leo.