Maziwa ya Chernobyl na Chumvi ya Pasiansi

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986, wakati sisi tukiamkia sikukuu ya miaka 22 ya Muungano, kinu namba 4 cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl kililipuka. Ilikuwa huko Ukraine, siku hizo sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Habari za wazima moto waliokufa na mji wa Pripyat uliohamwa zimesimuliwa sana. Leo tuzungumze juu ya maziwa.

Katika vumbi lililoruka usiku ule yalikuwemo madini joto, yale yale tunayoyasikia kwenye chumvi, ila haya yalikuwa na mionzi. Yaliangukia majani, ng'ombe wakala majani, watoto wakanywa maziwa. Hapa shingoni, chini ya kongomeo, kuna tezi inayohitaji madini joto ili mtoto akue mwili na akili. Tezi hiyo haijui kubagua yaliyo safi na yenye mionzi. Ya mtoto ni ndogo, inakua, na mtoto hunywa maziwa kuliko baba yake. Basi sumu ile ile humkolea yeye zaidi.

Kinachouma ni kwamba madini joto hayo hupungua nusu kila baada ya siku 8. Kumbe tangazo moja la redio, kwamba watoto wasinywe maziwa mabichi ya mwezi ule na ule unaofuata, lingeokoa wengi. Halikutoka. Wasweden waligundua mionzi kwao tarehe 28 Aprili, ndipo Moscow ikatoa taarifa fupi jioni. Tarehe 1 Mei mjini Kiev watu walipita kwenye maandamano ya Mei Mosi kama kawaida. Kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, Gorbachev, alizungumza kwenye televisheni tarehe 14 Mei. Kwa hesabu ya siku 8, zaidi ya robo tatu ya sumu ile ilikuwa imekwisha kufa yenyewe, na kazi yake ilikuwa imekwisha fanyika shingoni mwa watoto.

Jirani zao wa Poland hawakungoja. Tangu tarehe 29 Aprili waligawa dawa ya madini joto safi kwa watoto wapatao milioni 10.5. Tezi ikishiba yaliyo safi, yenye mionzi hayapati pa kukaa.

Miaka michache baadaye madaktari wa Minsk, Belarus, wakaanza kuona jambo ambalo karibu hawakuwa wakiliona: saratani ya tezi ya shingo kwa watoto. Kati ya 1986 na 1989 walipata wastani wa wagonjwa 4 kwa mwaka. Mwaka 1991 wakapata 55. Waliandika hayo katika jarida la Nature Septemba 1992, na wataalamu kadhaa wa nje wakatia shaka. Mapema mno, walisema; labda mnaona wengi kwa sababu mnatafuta sana. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa mbali na meza ya upasuaji. Kufikia 2005 idadi ilipita 6,000 huko Belarus, Ukraine na mikoa ya Urusi iliyoathirika, wote wakiwa watu waliokuwa chini ya miaka 18 mwaka wa ajali. Kwa bahati ugonjwa huu hutibika: waliokufa kwa ugonjwa huo hadi mwaka huo walihesabiwa 15. Lakini aliyetolewa tezi yote humeza kidonge kila siku hadi mwisho wa maisha yake.

Utauliza, yatuhusu nini watu wa Mwanza? Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba hatari ilikuwa kama mara tatu zaidi mahali ambapo ardhi ilikuwa na upungufu wa madini joto. Mpango wa zamani wa kutia madini joto kwenye chumvi ulikuwa umelegea huko. Tezi yenye njaa ilidaka kila kilichokuja.

Njaa hiyo sisi tunaijua bila kinu chochote. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma rovu lilikuwa jambo la kawaida, na pamoja nalo watoto waliozaliwa wakiwa wamedumaa akili. Katika miaka ya 1980 serikali ikagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika. Mwaka 1994 zikaja kanuni za kutia madini joto kwenye chumvi yote ya kula. Na sisi wa ziwani tusijidanganye kwa samaki: sato na sangara hawana madini joto kama samaki wa baharini. Na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huizuia tezi isipate hata hicho kidogo.

Sasa pita magengeni hapa Pasiansi. Utaona chumvi ya mawe kwenye ndoo wazi, juani, inapimwa kwa kopo. Hata kama ilitoka kiwandani ikiwa na madini joto, jua na unyevu huyapunguza siku hadi siku. Na kama haikutiwa, kwa macho huwezi kujua, wala ulimi hautakuambia. Muulize muuzaji mfuko uliandikwa nini. Mara nyingi atakuambia mfuko alikwisha utupa.