Daraja Jeupe Melini

Picha ya mpiga picha Alfred Stieglitz iitwayo The Steerage ilipigwa mwaka 1907 ndani ya meli Kaiser Wilhelm II. Stieglitz, aliyesafiri daraja la kwanza pamoja na mkewe na binti yake, alisimama juu akiwatazama abiria wa nauli ya chini. Alikuwa amebakiwa na bamba moja tu la kioo kwenye kamera.

Jicho la mtazamaji huvutwa kwanza na daraja jembamba jeupe linaloikata picha mshazari. Juu yake, kofia ya duara ya mwanamume aliyeinama inang'aa katikati ya makoti meusi; chini, kanda nyeupe za suruali zinapishana mgongoni mwa mwanamume mwingine. Dohani imeinamia kushoto na ngazi imepanda kulia. Kwa kuwa hakuna rangi, weupe na weusi ndio unaobeba maana yote: daraja linaunganisha sitaha mbili, lakini pia linatenga matabaka mawili ya watu.

Kwa miaka mingi picha hii imesomwa kama taswira ya wahamiaji wanaoingia Marekani na matumaini yao. Usomaji huo ni kosa, tena kosa kubwa, kwa maana meli ilikuwa ikitoka New York kuelekea Ulaya. Wengi wa waliomo walikuwa wakirudi walikotoka, baadhi yao wakiwa wamekataliwa bandarini.

Stieglitz aliichapisha katika jarida lake, Camera Work, mwaka 1911. Baadaye alieleza kwamba kilichomgusa kwanza ni maumbo na jinsi yalivyohusiana.